Kidevu Hataki Kula

Kijiwe chetu ni friji bovu. Nasema friji lenyewe, lile la kulala kama sanduku, ambalo mwenye nalo alilileta litengenezwe kisha akahama mji. Limelazwa mbele ya karakana ya Fundi Baridi, linakaliwa na watu wanne, au watatu akiwepo Mzee Trela, maana mzee huyo ana mwili wa malori aliyoyaendesha miaka thelathini. Kushoto naketi mimi na kasha langu la kushonea viatu. Kulia kuna kibanda cha kinyozi tunayemwita Wembe, na kiti chake cha kunyolea kinatazama barabarani ili asipitwe na neno. Mzee Trela amestaafu, hana kazi pale zaidi ya kuleta chupa ya kahawa na kutueleza tusiyoyajua. Juu ya friji hilo tumebishana mambo mengi na hakuna hata moja lililotunyima usingizi. Lakini wiki ile tulikuwa na hoja moja tu, tukaenda nayo nyumbani na kurudi nayo asubuhi: kiumbe kisichozidi kiganja changu kilikuwa kimegoma kula, na binti wa Fundi Baridi angerejea Jumamosi.

Kiumbe chenyewe kilikuwa mjusi. Si hawa wa ukutani wanaokimbia ukiwasha taa. Huyu alikuwa na rangi ya mchanga, kichwa cha pembe tatu, vijimiba laini ubavuni, na chini ya taya ngozi ya vipele ambayo akikasirika huivimbisha ikawa nyeusi kama ndevu. Ndiyo maana vitabuni wanamwita mjusi mwenye ndevu. Kwao ni majangwa ya mbali huko. Chuoni kwa yule binti walitotolesha mayai kwenye maabara, mwalimu akagawa watoto wa mjusi kwa wanafunzi, na wenzake wakachagua wakubwa wakubwa. Yeye akachukua aliyebaki, mdogo kuliko wote, mwenye mkia uliong'atwa ncha na nduguze. Akampa jina la Kidevu. Alipopangiwa mafunzo ya vitendo wiki tatu mji mwingine, akamkabidhi baba yake sanduku la kioo, taa mbili, kopo la nyenje hai, chupa ya unga wa chokaa ya mifupa, na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono pande zote mbili.

Karatasi hiyo Fundi Baridi aliitia mfuko wa ovaroli. Ovaroli akailoweka.

Alituonyesha kilichosalia. Wino wote ulikuwa umegeuka wingu la buluu, isipokuwa sehemu mbili. Moja iliandikwa "nawa mikono kila ukimshika". Nyingine ilisema "asizidi nafasi iliyo kati ya macho". Asizidi nani, na macho ya nani, maji yalikuwa yamekwenda nayo.

Wiki mbili za kwanza aliendesha kwa kumbukumbu, na mambo yakaenda. Kisha akaamua kumhamishia Kidevu karakanani amtazame kutwa nzima, na ni hapo tatizo lilipoanza. Jumatatu mjusi aliacha kula. Jumanne akaanza kulala mchana, jicho moja wazi, rangi imefifia kama nguo iliyochujuka.

Nilimwuliza kwa nini asimpigie binti yake simu akamaliza habari. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kile kioo, bisibisi mkononi. 

— Cheti chake cha kuzaliwa nilikipoteza mimi. Alikosa mwaka mzima wa shule akisubiri nikahangaikie kingine. Hajawahi kunitupia neno hata moja. Ila tangu siku hiyo karatasi zake zote anaweka mwenyewe. Hii ndiyo ya kwanza kunipa.

Nilirudi kwenye kasha langu. Wanaishi wawili tu pale nyumbani tangu mama yake afariki, na mimi nawafahamu tangu binti anakuja na daftari kukaa chini ya meza ya baba yake.

Basi tukajitwisha sisi. Wembe ndiye mwenye simu kubwa, akatafuta na kutusomea kwa sauti ya mtangazaji kwamba mjusi huyu hula majani kwa wingi na wadudu kidogo tu. Tukafurahi kama tuliofaulu mtihani. Fundi Baridi akawafungia nyenje kwenye kopo lao, akanunua mboga za majani, akazikata nyembamba mpaka zikawa kama tumbaku. Kidevu akazikanyaga akapita. Kumbe ukurasa ule ulizungumzia mjusi mtu mzima. Hilo tulikuja kulijua baadaye, tukiwa tumeshamlisha mtoto mchanga chakula cha babu yake, au tuseme kumwekea, maana kula hakula.

Mzee Trela aliingia Jumatano na ndoo ya mchanga. Hoja yake ilikuwa fupi: mnyama ni wa jangwani, mmemtandikia magazeti, nani angekuwa na hamu ya kula akiwa amekanyaga habari za uchaguzi? Akamwaga mchanga, akausawazisha kwa kiganja chake kipana. Kidevu akalala juu yake na kufumba macho yote mawili. Mzee akasema huo ndio usingizi wa mtu aliyefika nyumbani.

Wembe hakukubali. Yeye alisema mnyama anaogopa mashine yake ya kunyolea, kwamba kwa sikio la mjusi mlio ule ni nyoka mkubwa. Alasiri hiyo alinyoa wateja watatu kwa mkasi peke yake, na mmoja akatoka na kichwa chenye ngazi. Mjusi hakubadilika. Wembe akahamia kwenye hoja kwamba Kidevu ni jike na ana mimba, ndiyo maana anachagua chakula. Mimi nilimkumbusha kwamba ana wiki saba tangu atoke yaini. Wembe akasema siku hizi mambo yanakwenda mbio.

Sijifanyi mwenye akili. Mimi nilishikilia yale maneno ya kati ya macho. Nilidai kuna dawa ya kupaka hapo, na kwamba kipimo chake kisizidi nafasi ile. Nilikuwa nimeshachovya njiti kwenye mafuta ya mgando nikiisogeza, Fundi Baridi akanishika mkono.

Kilichotuvunja moyo ni salamu. Jumatano hiyo hiyo, wakati wa kahawa, Kidevu aliinua mkono mmoja wa mbele, akauzungusha taratibu hewani, akaushusha. Kisha akarudia. Tukasogea wote wanne. Wembe alisema anatusalimu. Mzee Trela akashusha kikombe.

— Hasalimu huyo. Anaaga.

Alisema kama mzaha, lakini Fundi Baridi aliinuka akaingia ndani. Nilimfuata nikamkuta ameweka mizani ya kupimia gesi ya friji juu ya meza, na mjusi juu yake. Mizani ile imezoea mitungi. Ilimpima Kidevu, ikafikiri, ikaandika sifuri.

Saa kumi na nusu binti alipiga simu, kama kila siku wakati wa mapumziko yake. Fundi Baridi alipokea akiwa amesimama mlangoni, mgongo umetugeukia.

— Amekula, mama. Ameshiba kabisa.

Sote tukatazama ndani ya vikombe vyetu.

Alhamisi asubuhi, kama saa nne, akaja mama mmoja tusiyemjua. Alikuwa amebeba mfuko, na ndani ya mfuko kidude cha mashine yake ya kutotolea vifaranga, kile kinachozima na kuwasha umeme joto likifika kiwango. Kilikuwa kimekwama, na mayai mia mbili yalikuwa yakimngoja nyumbani. Fundi Baridi akakifungua palepale. Yule mama akamwamkia Mzee Trela, akatusalimu na sisi, akaketi kwenye friji kati yangu na mzee, akasikiliza.

Alikuta mjadala umefika mbali. Usiku ule Mzee Trela alikuwa amewaza na kupata jibu jipya: mnyama amesusa kwa sababu anajiona kwenye kioo, anadhani kuna mjusi mwingine pale, na kwa adabu anamsubiri mwenzake aanze kula. Wembe aliona ni sahihi, akaongeza kwamba basi tuweke sahani mbili. Mimi nikauliza kama kioo kizungushiwe kitambaa. Tulikuwa tumekolea kweli, tunaingiliana maneno, Wembe amemwacha mteja na povu nusu ya shavu.

Yule mama alijiinua akaenda kuchungulia. Aliinama muda mrefu, akaweka kiganja juu ya kioo, kisha akageuka.

— Samahanini, kaka zangu. Hapo anapolala pana joto nyuzi ngapi?

 Nilimtazama Wembe, Wembe akamtazama mzee. Mtu mwenye povu shavuni ndiye aliyekohoa. Fundi Baridi alikuwa ameinua uso kutoka kwenye kazi yake. Mfukoni mwa shati lake, pamoja na kalamu, kulikuwa na kipimajoto. Hukaa hapo kila siku ya Mungu. Hawezi kumrudishia mtu friji bila kukiingiza ndani kwanza. Lakini kwa siku nne hakukumbuka kukitoa kwa ajili ya Kidevu.

Akakiingiza kwenye kioo, chini ya taa, juu ya lile jiwe bapa ambalo binti aliliweka. Tukangoja dakika mbili ndefu kama foleni ya hospitali. Nyuzi ishirini na tatu.

Yule mama alitueleza kwa utulivu. Habari za mijusi hazijui, alisema, lakini za vifaranga anazijua. Kifaranga aliyepigwa na baridi hata umwekee chakula cha mfalme hatakula, na akila chakula kinakaa tumboni kama kilivyoingia. Tena kifaranga ana joto lake kidogo. Huyu mwenye damu ya mjusi hana lake kabisa, analipata nje au halipati. Atasagaje chakula? Akauliza hizo taa mbili ni za nini.

Fundi Baridi alijua ya kwanza, ile ndefu nyeupe. Hiyo ni ya miale kama ya jua, kwa ajili ya mifupa, maana jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halina kazi hiyo. Ya pili, alisema, ilikuwa balbu ya kawaida ya mtindo wa zamani, ile inayounguza vidole.  Siku ya kumhamisha Kidevu kutoka nyumbani ilimponyoka ikavunjika, basi yeye akaweka nyingine nzuri zaidi. Ya kisasa. Inamulika vilevile, umeme kidogo, na unaweza kuishika saa nzima isikuunguze.

Alisema maneno hayo ya mwisho polepole, akijisikiliza.

— Miaka ishirini na sita, akasema. Kazi yangu ni kuondoa joto. Nimemweka mtoto wa watu kwenye friji.

Hatukumpa nafasi ya kulia. Wembe alimaliza lile shavu la pili kwa mikato minne na kukimbilia maduka ya vifaa vya umeme. Akarudi jasho linamtoka: madukani zimejaa za kisasa tu, zile za kuunguza hawauzi tena. Yule mama alikuwa ameshasimama. Anazo mbili bandani kwa vifaranga, alisema, atatoa moja. Akapanda pikipiki na kuondoka, akituachia kidude chake mezani na mayai yake mia mbili moyoni mwetu. Mzee Trela alimchukua Kidevu, kwa amri ya Fundi Baridi, akamweka ndani ya viganja vyake viwili vilivyokunjwa. Mwanamume yule aliyevuka mipaka usiku na shehena ya tani thelathini aliketi kwenye friji nusu saa nzima bila kusogea wala kutoa neno. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akinyamaza.

Taa ilipofika ilikuwa kali mno kwa kioo kidogo vile, na hapo ndipo nilipomwona Fundi Baridi kazini kama sijapata kumwona. Aliitundika kwa waya kutoka kwenye ndoano ya dari, akaishusha, akapima. Hamsini na mbili. Akapandisha kiasi cha vidole viwili. Arobaini na sita. Akapandisha. Yule mama alisema upande mmoja uwe moto na mwingine uwe wa kupumulia, ili mwenyewe achague, ndivyo anavyofanya bandani. Fundi akasogeza jiwe pembeni kabisa. Juu ya jiwe ikasoma arobaini, upande wa pili ishirini na saba. Alipima mara sita. Akafunga waya fundo ambalo hata tembo asingelifungua, kisha akanawa mikono, akamtoa Kidevu viganjani mwa mzee na kumlaza juu ya jiwe.

Saa sita, hakuna kitu. Wateja wangu wawili walikuja kuchukua viatu, wakabaki kutazama. Saa saba alifumbua macho na kujitandaza, mwili ukawa bapa kama chapati. Rangi ikaanza kurudi, kwanza kichwani, halafu mgongoni, manjano ya mchanga uliopigwa na jua. Saa nane akafungua kinywa na kukiacha wazi. Mzee Trela akasema anakata roho. Yule mama, ambaye kidude chake kilishapona na alikuwa bado hajaondoka, akasema hata kuku hufanya hivyo akipata joto la kutosha, tuwe na subira. Kidevu akafunga kinywa, akashuka kwenye jiwe kwa miguu yake mwenyewe, akatembea hadi upande wa kupumulia, akajisaidia.

Sijui nilieleze vipi hili kwa mtu ambaye hakuwepo. Watu wazima saba, mmoja wao dereva mstaafu, walipeana mikono kwa sababu ya choo cha mjusi.

Fundi Baridi akachukua nyenje wachache, akawatia kwenye mfuko na unga wa chokaa, akatikisa mpaka wakawa weupe kama waashi. Akachagua mkubwa, aliyenona, akamwachia. Kidevu alimrukia kwa ulimi, akamshika, akashindwa kummeza, akamtema. Fundi akanitazama kwa hofu. Wembe ndiye aliyepiga paji lake la uso. Kazi yake ni kupima vichwa vya watu kwa jicho, akaona tulichokuwa tukikitazama siku zote bila kukiona.

— Nyenje, alisema. Nyenje ndiye asizidi nafasi iliyo kati ya macho. Macho ya huyu.

Tukawachambua wadogo wadogo. Wa kwanza hakupiga hatua mbili. Wa pili alipanda jiwe na hakushuka. Mzee Trela alihesabu kwa sauti kama anapakia mizigo: saba, nane, tisa. Alipofika kumi na nne Kidevu alilamba midomo na kung'ata kipande cha mboga, basi tu, kama mtu anayemalizia kwa tunda.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Simu ikalia mezani. Fundi Baridi alikuwa ananawa mikono kwa sabuni, akanionyesha kwa kidevu chake nibonyeze spika.

— Baba, shikamoo. Kidevu amekula?

Aliiacha mikono ichuruzike maji. Nilidhani atasema ndiyo, na mara hii ingekuwa kweli, na mambo yangeishia hapo. Badala yake akaeleza. Alianzia kwenye ovaroli, akapita kwenye balbu, mboga, mchanga, akafika kwenye siku tatu za kumdanganya. Hakujitetea, wala hakututaja sisi. Alipomaliza alisema tu, nimepoteza karatasi yako nyingine, mama.

 Upande wa pili tuliwasikia wanafunzi wenzake wakipita, na mlango ukifungwa. Kisha binti akaanza kuuliza, harakaharaka, kama daktari. Jiwe lina nyuzi ngapi? Amepata choo? Chenye rangi gani? Akaagiza mchanga utolewe sasa hivi, maana mtoto huumeza na tumbo likaziba, yarudishwe magazeti. Mzee Trela aliinuka kimyakimya kutafuta ndoo yake. Akaagiza alishwe mara tatu kwa siku, kila mara kiasi atakachomaliza kwa dakika kumi, nyenje waliobaki waondolewe wasije wakamng'ata. Akiacha kula tena apelekwe kwa daktari wa mifugo, asingojewe mtu. Fundi Baridi aliandika yote juu ya kipande cha boksi, herufi kubwa, na mimi nikaona anavyokishika kwa mikono miwili.

— Hiyo karatasi nitaandika nyingine Jumamosi, binti akasema. Tutaibandika ukutani.

— Sawa, mama.

— Baba.

— Naam.

— Na wewe je? Umekula?

Fundi Baridi akafungua kinywa. Akanitazama mimi, akamtazama Wembe, akamtazama mzee aliyesimama na ndoo ya mchanga. Tulikuwa naye siku zote nne, kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kumwona akila.